King'amuzi Kipya cha Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea kwanza salamu za wifi yako na za watoto, ambao wameniagiza niziandike juu kabisa zisije zikazama chini ya maneno yangu mengi. Sisi ni wazima. Mafua yalitutembelea nyumba nzima, yakaondoka bila kuaga, na sasa kila mtu anakula kama kawaida yake, yaani kupita kiasi. Vipi hali yako? Vipi shemeji na mgongo wake? Na mpwa wangu, ameanza kukaa mwenyewe au bado anaegemezwa mito? Nauliza kwa maandishi kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe nikikutumia naona umesomwa ila jibu halirudi. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye mwandiko wangu uliuita nyayo za kuku. Barua hii ukitaka ichane, lakini nakuomba uichane ukishaisoma yote.

Najua una hasira na Mama, na sababu ninaijua. Ulimwambia wifi yako kwamba siku ulipomwonyesha mtoto kwa mara ya kwanza, Mama aligeuza uso, akatazama pembeni mpaka maongezi yakaisha. Ukasema bibi anayeshindwa kulitazama baka la shavuni kwa mtoto mchanga, basi mtoto huyo hatamwona tena. Hayo ni maneno mazito, Dada. Wifi yako aliponiambia sikuwa na la kujibu, na moyoni nilimlaumu Mama kama wewe. Sasa jibu ninalo, ila itabidi univumilie nianzie kazini, maana jambo lenyewe lilianzia huko.

Kampuni yetu ya kebo imeamua kuzima ving'amuzi vyote vya zamani na kumwekea kila mteja kipya pamoja na modemu yake. Kile cha zamani unakikumbuka, kizito, na rimoti yake ndefu yenye namba: ukitaka habari unabonyeza namba ya habari, habari zinakuja, basi. Hiki kipya ni kidogo kama kipande cha sabuni. Rimoti yake ni laini kote, vitufe vichache, na namba hakuna. Kila kitu unachagua kwa macho: skrini inajaa picha, unasogeza mshale hadi kwenye picha unayoitaka, unabonyeza. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini wahenga hawakuwahi kuzunguka mitaani na begi la ving'amuzi.

Ungewaona watu, ungecheka. Kinyozi wa pale kona alinisihi nimrudishie cha zamani, akidai wateja wake sasa hawatulii kwenye kiti. Kila mmoja anataka kuonyesha picha ipi ifunguliwe, na mmoja aligeuza shingo ghafla akatoka na panki ambalo hakuliomba. Mwalimu mstaafu, yule aliyekufundisha hesabu, alinisimamisha sebuleni kwake nimweleze modemu inafanya kazi gani. Nikaeleza kwa kirefu. Alipomaliza kusikiliza akasema jibu langu lingepata nusu ya alama, kwa huruma. Na Mama Vitambaa, jirani yake Mama mwenye duka la nguo, ameifunika modemu yake kwa kitambaa kwa sababu eti vile vitaa vinamkonyeza. Nikamwonya kuwa itapata joto. Akaniambia hata yeye anapata joto na hakuna anayemshughulikia.

Kwa watu wa namna hiyo kazini tuna kanuni moja, tunaiita kanuni ya kidole. Fundi haondoki mpaka mwenye nyumba ashike rimoti kwa mkono wake mwenyewe na kufungua chaneli tatu bila kusaidiwa. Wewe unakaa, mikono umeiweka mapajani, unatazama kidole cha mzee wa watu kikitangatanga. Inachosha, nakuapia. Lakini mtu akivuka pale huwa hakupigii simu tena.

Sasa Mama. Yeye alikataa tangu mwanzo. Alisema kitu kisichoumwa hakipelekwi kwa mganga, na kwamba chake kinamtosha mpaka afe. Nikamtania kwamba anashindana na karne, na huko kazini nikamfanya kichekesho kwa mafundi wenzangu. Ndipo ukatuma ujumbe ule wa kutaka nimharakishie, ili amwone mjukuu wake kwenye skrini kubwa badala ya kwenye simu ya kiganjani. Nikaenda siku iliyofuata. Nilipokichomoa cha zamani, Mama alikuwa amekaa na rimoti yake mapajani, anaisugua kwa dole gumba. Niliichukua mkononi mwake nikaitia kwenye begi.

Kwa kuwa sauti ya televisheni yake ni nyembamba, nilivuta waya kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye ile spika kubwa ya marehemu Baba, iliyo juu ya kabati la dirishani. Nyumba ikajaa sauti. Kisha nikamwambia Mama ashike rimoti tufanye kanuni ya kidole. Akasema ana chungu jikoni, atajifunza taratibu, mimi niwahi wateja wengine. Nami nikaona ni mama yangu, sitamkagua kama mgeni. Mganga hajigangi, Dada. Nyumba zote za mtaa nilizikagua, nikairuka ya kwetu.

Siku ya simu yako nilikuwepo, unajua. Simu yangu niliiegemeza chini ya televisheni ili umwone Mama, picha yenu nikairusha kwenye skrini kupitia king'amuzi. Lakini mtandao ulikuwa unakatikakatika, kwa hiyo muda wote ule nilikuwa nimeinama nyuma ya meza nimeishika modemu, nikimwomba Mungu na kampuni yangu kwa pamoja. Sikuona uso wa Mama ulielekea wapi. Nilisikia tu ghafla unasema mtoto anataka kulala.

Baada ya hapo Mama akaanza kunipigia kila mara kwamba kitu chake kimeharibika. Naenda, nakuta hakijaharibika. Kimekwama kwenye ukurasa wa kuchagua lugha, au kipo kwenye katuni za watoto na yeye amekaa nazo. Nikarekebisha, nikaondoka, nikaitwa tena. Mara ya mwisho nilimjibu vibaya. Nilimwambia shida si king'amuzi, shida ni ubishi wake, na kwamba mtu aliyeshona nguo za maharusi hawezi kushindwa na mshale. Sauti yangu ya siku hiyo bado inanikera masikioni.

Juma lililopita nilipita baada ya kazi. Kimegoma tena. Nikaamua kuanza upya: nikasogeza meza, nikachomoa waya zote, nikapangusa vumbi, nikarudisha umeme, nikarudisha waya wa sauti. Msomaji wa habari akaanza kuzungumza. Mama kutoka kwenye kiti chake akanishukuru, akasema ama kweli kipya ni kipya, picha imetakata, hata shati la msomaji leo linapendeza. Nikainuka nyuma ya meza niione hiyo picha.

Skrini ilikuwa nyeusi tii. Waya wa picha nilikuwa bado nimeushika mkononi. Na Mama alikuwa amekaa anatabasamu, ameelekea dirishani, kwenye spika.

Nilisimama pale habari zikaendelea kusomwa, mafuriko sijui wapi. Mwishowe nikamwuliza shati la msomaji ni la rangi gani. Kisha akaniambia nizime hiyo sauti, nikae.

Mama haoni. Ni presha ya macho. Ilianza kumla pembeni, ikasogea katikati, na sasa kilichobaki ni mwanga na kivuli tu: anaujua mlango kwa weupe wake na mtu kwa weusi wake. Alikwenda hospitali na Mama Vitambaa, akaambiwa kilichopotea hakirudi, akapewa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Ndiyo maana aliacha kushona, si kwamba wateja wa siku hizi hawana shukrani kama alivyotuambia. Rimoti ile ya zamani ilikuwa na kinundu kidogo kwenye namba tano. Dole gumba likikipata kile, namba zote nyingine anazijua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akituzungumzia vipindi vyote na kutujibu kwamba ndiyo, ameona. Na mimi nilikwenda nikamnyang'anya, nikamwachia kitu laini kinachotaka macho.

Nilimwuliza kwa nini alitunyamazia. Nililia wakati namwuliza, sikufichi. Akasema majibu ya daktari aliyapata wewe ukiwa umelazwa na mimba ya mtoto huyu, baada ya zile mbili zilizoharibika, na mwenye mimba ya hivyo habebeshwi mzigo mwingine. Ulipojifungua salama akaogopa jingine: kwamba mimi na wewe tutamkalia kikao, tumhamishe kutoka nyumba anayoijua kila kizingiti tumpeleke kwenye nyumba atakayokuwa akipapasa kuta. Nikamkumbusha kuwa mficha maradhi kilio humuumbua. Akanijibu kwamba kilio angekisikia vizuri tu, masikio hayana neno. Unamjua Mama.

Ndipo nikamwuliza juu ya siku ya simu yako. Alisema alikusikia unacheka na kulia kwa pamoja, na kwamba sauti yako ilikuwa inatoka dirishani, basi akageukia dirishani ili neno lako hata moja lisimpite. Aligeukia huko kwa sababu huko ndiko waya wangu ulikokuweka. Yeye alidhani televisheni nimeihamishia huko, na kwamba anawatazama. Alidhani uso wa mwanao uko mbele yake, akawa anaukazia macho asionekane hajali.

Hakumkwepa mtoto, Dada. Hajamwona. Hajui hata kama ana baka.

Na kimya chako tangu siku ile amekitafsiri vingine kabisa. Anaamini ulimgundua, na kwamba umekasirika kwa kudanganywa. Kila simu ikilia, shingo inanyooka, halafu inakuwa ni mimi au ni Mama Vitambaa.

Mwanzo aliniapisha nisikwambie. Nikakataa kuapa, tukakwaruzana, mpaka nikaaga bila kunywa chai. Asubuhi akanipigia mwenyewe. Ameniruhusu, ila kwa sharti kwamba usije mbio kumfungashia mizigo. Anasema anahitaji mtu wa kumsomea maandishi ya dawa, hahitaji mtu wa kumhamisha, na mimi nakubaliana naye. Nitakuwa napita kila siku nikitoka kazini. King'amuzi nacho nimekipekua mpaka ndani, nikakuta kina sehemu ya kusoma skrini kwa sauti, imefichwa mahali ambapo mwenye kuihitaji hawezi kuiona. Kwenye mafunzo yetu yote hakuna aliyetuonyesha. Kinatamka majina ya chaneli kama mgeni aliyewasili jana, Mama anakicheka, lakini chaneli tatu amezifungua kwa kidole chake, mimi nimekaa, mikono mapajani.

Limebaki moja, nalo ndilo alilonituma. Aliniuliza mtoto anafananaje. Nikaanza: ana nywele nyingi, ana macho makubwa. Akanikatiza. Alisema habari za sura ya mtoto hazichukuliwi kwa mjomba. Anakuomba umpigie, kwa simu yoyote ile, hata mbovu, umpakate mtoto wakati unaongea, umsimulie kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, polepole, usiruke kitu. Anasema alikuwa akishona gauni zima kwa kuelezwa tu, kwa hiyo na uso ataushona.

La baka sikumwambia. Hilo ni lako kulisema, na utamsikia mwenyewe atakavyolipokea.

Msalimie sana shemeji, mwambie mgongo si wa kuchezea. Mbusu mpwa wangu mashavu yote mawili. Wifi yako anasema hana kinyongo kwa ile simu uliyomkatia. Mama hana salamu ndani ya barua hii. Amesema zake atakupa mwenyewe ukipiga, na tangu jana amehamishia kiti chake karibu na simu.

Ni mimi mdogo wako,
yule mliyemwita Waya kwa wembamba, na jina likageuka kazi.