Mwezi wa Wifi na Mwezi wa Mama

Jumatano, 14 Julai 1954

Alhamdulillahi, umebaki kama mwezi mmoja. Tangu Mrisho wangu afariki, ile Ijumaa ya tarehe tano Shaabani, sijavuka kizingiti cha nyumba hii. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, nami nahesabu kwa mwezi wa mbinguni, si kwa kalenda ya Boma. Itakwisha tarehe kumi na tano Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja.

Daftari hili lilikuwa lake. Alikuwa karani, akanifundisha herufi za Kizungu, akaniambia niandike chochote zisije zikanipotea. Miaka yote sikuandika ila vitu vya kutuma sokoni. Sasa naandika kwa sababu nyumba iko kimya.

Kimya — uongo mtupu. Asubuhi kaja wifi Zuleha, dada yake marehemu, na bakuli la uji. Adhuhuri Bi Miza wa dukani kaleta mkate wa kumimina. Mama naye yumo humu humu, ametoka Saadani tangu siku ya msiba, hataki hata nifagie. Sikujaaliwa mtoto. Nilidhani nitabaki mimi na kuta. Sikujua kama napendwa kiasi hiki, nasema kweli.

Tena nimepata mgeni. Msichana wa Kizungu, Mis Alda, chuo chake kimemtuma Bagamoyo kusoma watu. Ndiyo, anasoma watu kama wengine wanavyosoma vitabu! Anataka kujua dini inafanya kazi gani baina yetu. Kwa wanaume hapati nafasi, ila mwanamke wa eda ana saa za kutosha, na hana pa kukimbilia. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Mtaa mzima wanamwita Bi Kwanini.

Jumatatu, 19 Julai 1954

Bi Kwanini leo kakaa mpaka alasiri. Kwa nini nguo nyeupe? Kwa nini sipaki wanja? Kwa nini sahani ya jirani hairudishwi tupu? Nikamwambia hairudishwi tupu kwa sababu ni aibu. Akaandika.

Nami nikamuuliza yangu. Hao walimu wake, wanamwamini Mungu? Akasema elimu yao haiulizi kama Mungu yupo, inaulizia watu wanapomwabudu wanafanyiana nini. Nikamwambia basi mmekwenda harusini, mkahesabu waalikwa wote, bibi harusi hamkumtazama. Akacheka mpaka kalamu ikamwanguka.

Anasema mmoja wa wakubwa wao alifundisha kwamba watu wakiabudu pamoja wanafungamana wao kwa wao, hata kama wenyewe hawajui. Mwingine akasema dini ni kama kasumba, inamsahaulisha maskini maumivu yake. Huyo wa pili hajafiwa, nikasema. Maumivu yangu hayakusahauliwa hata siku moja. Yalipata wachukuzi tu.

Hilo nalo akaliandika, akalipigia mstari. Nimejiona mtu mkubwa siku nzima.

Jumamosi, 31 Julai 1954

Mwezi umeleta maneno.

Jana magharibi watu walipanda mapaa kutazama mwezi wa Mfunguo Tatu. Mawingu. Hapa mtaani hakuna aliyeuona. Lakini upande wa soko, kwenye msikiti wa kina wifi, imekuja simu kutoka Unguja kwamba umeonekana. Wao leo ni mosi. Msikiti wetu umesema haufungi wala hauchinji kwa simu, unatimiza thelathini. Kwetu mosi ni kesho.

Mama yuko na msikiti wa mtaani kwa moyo wote. Anasema macho ameumba Mungu, waya kautengeneza Mzungu. Wifi aliposikia akasema Unguja nako macho yapo, tena mengi.

Nilicheka. Kisha nikahesabu kwa vidole, kicheko kikaisha. Tarehe kumi na tano ya wifi ni Jumamosi. Tarehe kumi na tano ya Mama ni Jumapili.

Sijamwambia mtu.

Jumanne, 10 Agosti 1954

Nimekula Idi mara mbili. Jana ya wifi, leo ya Mama. Nyama ya mbuzi ya jana ilikuwa laini, ya leo ina chumvi nzuri. Mungu awalipe wote.

Ila jana wifi hakuingia ndani. Sahani kaiweka dirishani, akanisalimu kwa nje, akaenda zake. Miezi minne alikuwa akiingia hata bila hodi. Mama naye kaitazama ile nyama, akasema hakuchinja mtu Idi jana, hiyo ni kitoweo. Akala lakini. Nimemwona.

Nimeshapanga. Jumamosi nitaugua tumbo kidogo. Watu wa wifi wakija kunitoa, watanikuta nimejikunja kitandani, watasema masikini, tumwache apumzike. Jumapili nitapona, nitaoga, nitatoka. Hakuna atakayesema nimefuata mwezi gani. Namwomba Mola anisamehe huo uongo, ni mdogo.

Jumatano, 11 Agosti 1954

Bi Kwanini kaniharibia.

Kaja asubuhi na karatasi kubwa ameichora vizuri, duara za wino, kila nyumba ya mtaa, nani anasali wapi. Bahati mbaya wifi naye alikuwa amepita kuchukua sahani yake, na Mama yuko mlangoni anachambua mchele. Binti wa watu kwa usafi wa moyo wake akauliza mbele yao wote wawili, “Je, Bi Ashatu atatoka eda kwa mwezi upi?”

Mkono wa Mama ukasimama kwenye ungo.

Wifi akajibu kwanza. Jumamosi, akasema, kaka yangu alikuwa mtu wa msikiti wetu na mjane wake atatoka kwa hesabu yetu. Mama akasema mwanawe havunji eda ya Mungu kwa habari ya simu, atatoka Jumapili. Wifi akasema asipotoka Jumamosi maana yake ametuambia tumesali Idi siku isiyo Idi. “Basi mimi na watu wangu hatutakanyaga tena hapa, Mama, unisamehe.” Mama hakupandisha sauti. “Na akitoka Jumamosi, mwanangu Zuleha, mimi nafunga mzigo wangu nirudi Saadani. Sitaki kushuhudia.”

Wote wawili wakanitazama. Nikasema tumbo linaniuma. Safari hii ilikuwa kweli.

Ijumaa, 13 Agosti 1954

Nimetuma kuuliza kwa masheikh wa pande zote mbili. Wote wamejibu kwa upole, na kila mmoja kanipa siku yake. Wa kwanza anasema kukaa zaidi ya eda ni kujizidishia kitu ambacho Mungu hakutaka. Wa pili anasema kutoka kabla ni dhambi. Nawashukuru, lakini nimebaki nilipokuwa.

Bi Kwanini kaja macho mekundu. Anasema walimu wake walimwonya atazame tu, asiguse kitu, naye kagusa. Anataka kuondoka arudi Dar es Salaam. Nikamwambia kaa hapa, mwanangu, jambo lilikuwepo, wewe umelitaja tu. Nikamkatia papai.

Akaniuliza, safari hii bila karatasi, kama dini basi inaunganisha au inatenganisha. Nikamuuliza wakubwa wake wanasemaje. Akasema hawajakubaliana, wengine hivi, wengine hivi, wanagombana miaka.

“Basi na wao wana miezi miwili,” nikamwambia. Tukacheka wote, mpaka Mama akachungulia kuona kuna nini.

Lakini baada ya kuondoka kwake nililia. Si kwa Mrisho. Nililia kwa wifi aliyenishika siku ile jeneza linatoka. Na kwa Mama, aliyelala sakafuni kando ya kitanda changu usiku arobaini. Mmoja lazima nimvunje moyo kesho, na hakuna kati yao aliyenikosea.

Jumamosi, 14 Agosti 1954

Baada ya alasiri.

Wamekuja. Wifi na wanawake kumi na kitu wa upande wa soko, na kanga mpya, udi, hina, majani ya mkunazi ya kutia kwenye maji. Hawajakaa sawasawa, hodi nyingine. Wanawake wa mtaani kwetu, nao kumi na kitu. Wale wamekuja kunitoa, hawa wamekuja kuhakikisha sitoki. Ua umejaa, watu wanakalia hata vinu. Tangu mwezi uandame hawajawahi kukutana hivi.

Mimi nimo chumbani, nimetia komeo. Nimesema nasali, na kweli nimesali. Sasa naandika. Kila kitu nakisikia.

Mwanzo yalikuwa maneno. Simu, macho, Unguja, nani alichinja lini. Bi Miza, kumbe yuko upande wa wifi, kapayuka kwamba mume wake aliuona mwezi kwa macho yake akiwa juu ya paa la duka, mwingine akamjibu mumeo haoni hata deni la watu. Wifi akalia. Kisha sauti moja, sikuitambua, ikasema kabla ya yote marehemu asomewe Yasini, au na hilo lina siku mbili? Wakasoma. Wote, kwa pamoja, mpaka mwisho, na Mama kaitikia dua kwa sauti kuliko wote.

Maji ya kuniogesha yamepoa. Wifi kayarudisha jikoni, yakachemka, yakapoa tena. Nimechungulia kwenye ufa wa mlango. Mara hii ya pili aliyepiga magoti kupuliza moto ni Mama. Mama yangu, anayesema eda inakwisha kesho! Wifi kamshikia kanga isishike moto. Pembeni Bi Kwanini kapewa vitunguu amenye, hana kalamu, anatokwa machozi na anauliza kwa nini vya huku vikali.

Kuna harufu ya pilau. Ya nani sijui, kila upande ulikuja na mchele wake, nasikia sufuria ni moja.

Ya Rabi, nakushukuru. Sikuwa na mtoto wala ndugu wa kike, na ua wangu leo hauna pa kuweka mguu.

Wananiita sasa. Ni sauti mbili, ya Mama na ya wifi. Naandika polepole kwa makusudi, herufi moja moja, maana nikifungua huu mlango, iwe leo iwe kesho, nusu yao watainuka waende zao.