Shayiri ya Madam na Sukuma ya Mama

Al-Naseem, Riyadh

Mpendwa Mama,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Natumaini goti limepoa na kwamba zile dawa unazimeza, huzifichi chini ya mto. Mimi ni mzima, ila joto la huku linatupika. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuna jambo ambalo kwa simu ungenikatia kabla sijalimaliza. Achieng anakuja likizo, ndiye atakuletea barua hii.

Mwezi jana madam alikwenda Jeddah kumuuguza mamake, bibi anayeamini kwamba maji ya majani ya shayiri ndiyo yanayompa nguvu. Aliniachia trei sita za mbegu alizopanda mwenyewe, akaniagiza nizimwagilie na nisiache jua lizichome. Kwa utiifu wangu nikazifungia stoo, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikawa namwagilia kwa kupapasa.

Siku ya nane madam akapiga simu kwamba keshokutwa dereva atatupeleka Jeddah, mimi na shayiri. Nikatoa blanketi. Mama, shayiri ilikuwa ndefu, nyembamba na ya manjano kama tambi. Nililia. Niliona ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, inaisha kwa sababu ya nyasi. Nikachukua rangi ya keki ya kijani na mswaki, nikaanza kupaka jani moja moja. Nilipomaliza trei ya kwanza, vidole vyangu vilikuwa kijani kuliko shayiri.

Ndipo nikampigia Mwatime, Mtanzania anayefanya kazi maabara kule Olaya. Alicheka mpaka akaomba nimsubiri kidogo. Kisha akanieleza kwamba hazijafa. Mmea ulioota gizani huwa umetayarisha karibu kila kitu cha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, umebakisha hatua moja tu, na hiyo haifanyiki bila mwanga. Akasema, "Weka dirishani, dada, na huo mswaki uuache."

Nikaziweka asubuhi. Kufikia alasiri zilikuwa zimeanza kubadilika, na kesho yake zikawa kijani kabisa. Kule Jeddah bibi alionja zote, akasema ile trei yenye madoa ndiyo yenye nguvu zaidi.

Sasa Mama, kaa chini. Miaka minne iliyopita miche yako ya sukuma wiki iligeuka manjano, ukasema jirani Zablon ameipulizia dawa ya magugu, ukaing'oa yote, na tangu siku hiyo humsalimii. Zablon hakupulizia kitu. Ni mimi niliyeifunika kwa karai ili kuku wasiidonoe, nikaisahau wiki nzima, nikaifunua dakika chache kabla hujafika, nikanyamaza. Ungeiacha kwenye mwanga siku mbili, tungeila.

Nisingesema hata leo, ila Evans, mwanawe Zablon, ni mlinzi wa hoteli huko Jeddah. Tumekuwa tukiongea kwa simu tangu mwaka jana, na safari hii tumekubaliana kuoana. Babake atakuja kuleta posa Disemba. Nakusihi umpe kiti.

Nisalimie Protus, na shangazi Selipher umwombe asicheke sana. Mungu akupe afya, na akulainishe moyo kabla ya Disemba.

Ni mimi bintiyo, mwenye makosa,
Rispah