Wembe Yako Imekubali Mukono ya Furaha

Papa Furaha,

Umeamukaje kule ulipo? Siye hapa Kadutu tuko wazima. Miye niko na kichwa laini sawa yai, upepo ya ziwa inaingia mpaka mu ubongo. Tulitoa matanga yako jumamosi iliyopita. Na aliyetunyoa siye wote, jamaa nzima, ni binti yako. Kaa vizuri nikueleze miye mwenyewe, kwani ukisikia kwa mwingine ataiharibu.

Unamujua mudogo wako Bisimwa. Tulipokuzika tu, akaanza kuangalia kiti yako ya kunyolea sawa mutu anaangalia mbuzi ya sikukuu. Alisema kibanda yako ya kinyozi iende kwake, eti mwanamuke hawezi kuweka wembe ku shingo ya mwanaume, nani atakubali. Furaha akasema kibanda ni ya baba yake na yeye njo atabaki nayo. Walibishana mpaka mama yako akafika toka kijijini Luhwindja, juu ya kamio ya mizigo, vumbi mpaka ku kope. Akakata maneno. Siku ya kutoa matanga, Furaha atamunyoa yeye wa kwanza, na ile wembe yako ya kukunja, mbele ya watu. Damu ikitoka, kibanda ni ya Bisimwa. Isipotoka, mutu asifungue tena kinywa. Unamujua mama yako. Hata weye ulikuwa unamuogopa.

Lakini wembe yenyewe! Siku za kilio, wale wamama waliokuja kutupikia waliikuta mu kisanduku, wakakatia nayo kamba za magunia ya makala ya kupikia. Ilikuwa na meno sawa musumeno. Wembe uliyonikataza hata kuipanguza na kitambaa! Nilipoiona nililia kuliko siku ya kaburi. Usikasirike, ni kweli.

Furaha hakulia. Alichukua jiwe yako ya kukwaruza akamaliza yale meno, kisha akashika ile jiwe laini ya kijivu, na maji. Kila siku akitoka sokoni anakaa ku ngazi, ananoa, anapitisha ku mukaba ya ngozi, anajaribu ku mukono. Manyoya ya mukono inakatika, anafurahi. Anajaribu nywele ya kichwa, wembe inavuta, inang'oa. Anaanza tena. Bisimwa akapita, akaangalia kazi, akasema: "Hiyo utakatia majani ya sombe."

Sasa sikia, hapa njo zamu yangu. Miye sikushika wembe hata siku moja. Lakini miaka yote ile nilikuwa nafua nguo nyuma ya ukuta wakati unanoa, mpaka unatoka na burashi yako kunipaka povu ku pua, muzee muzima bila haya. Masikio yangu haikuwa imelala. Jiwe yako ilikuwa inasema neno moja kwenda na kurudi, shii, shii, nyembamba, sawasawa. Ya Furaha ilisema shii kwenda, na kurudi ikasema kra. Nilikuwa napepeta muchele ya Luberizi, nikaweka ungo chini. Nikamuambia: "Ukirudi, mugongo ya wembe inainuka. Ilaze." Akasema haiinuki. Nikamuambia afunge macho asikilize. Akafunga. Kra. Akafungua macho, akaniangalia sawa mutu ambaye hajaniona bado.

Kumbe alikuwa anainua mugongo kidogo bila kujua, akitaka makali iguse jiwe vizuri, na ile njo ilikuwa inaharibu makali. Toka pale akalaza mugongo na makali pamoja, pole pole, kwenda na kurudi. Haikuwa kazi ya siku moja. Halafu kra ikaisha. Niling'oa nywele yangu moja, nikaishika hewani, akaigusisha wembe tu. Nusu ikaanguka ku goti yangu na vidole vyangu havikusikia kitu. Papa Furaha, nilicheza pale pale mpaka muchele ikamwagika. Weye ulimuachia mawe, miye nikamupa masikio. Waambie hivyo hao ulio nao.

Jumamosi ikafika, uwanja ya parseli yetu ikajaa jamaa. Muheshimiwa sitwayen Bisimwa alivaa koti yake ya abakosti imefungwa mpaka shingoni, akasimama karibu kabisa ili damu isimupite. Mama yako akakaa ku kiti yako. Furaha akamulowesha na maji ya moto, akapaka sabuni, akapitisha wembe ku mukaba, akaanza ku paji. Unajua ile kichwa, na ile nundu nyuma ya sikio, ngozi nyepesi sawa ganda ya kitunguu. Nilikuwa nashika rozari, nikasahau nimefika wapi. Mvi zinaanguka ku mabega, mama yako amefunga macho, nikasema huyu anavumilia uchungu, tumekwisha. Furaha akazunguka sikio, akazunguka nundu, akamaliza ku kisogo, akapanguza. Hakuna tone. Mama yako akashituka, akafungua macho, akauliza: "Mujukuu, unaanza saa ngapi?"

Alikuwa amelala, Papa Furaha. Chini ya wembe!

Watu walicheka mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Alipojipapasa na kukuta hakuna nywele, akamugeukia Bisimwa na ile sauti yake ya chini: "Weye sasa. Kaa." Akakaa. Akafungua vifungo vya abakosti kimoja kimoja, akatoa shingo. Alipomaliza kunyolewa akasimama na uso ya kijana. Kesho yake alibeba kiti yako mwenyewe mpaka kibandani, Kadutu yote ikamuona.

Sasa wanaume wanangoja ku benchi. Wa kwanza walikuja kuchekelea, kesho yake wakarudi kunyolewa ndevu. Mwalimu jirani yetu anasema mukono ya Furaha iko nyepesi kuliko yako. Nilimukatalia, lakini kidogo tu.

Naacha hapa, maji ya Furaha ya kunyolea inachemka na miye njo namubebea. Lala bila wasiwasi, mume wangu. Nakuahidi, hakuna mutu atamutoa pale nikiwa hai. Na siku nitakufuata, yeye njo atanyoa watu wa hii nyumba ku matanga yangu. Nataka kwanza azoee vichwa vingi zaidi. Kwa hiyo unisubiri. Sina haraka.

Mama Furaha