Nilimwambia Mwanangu Si Kamari

Ipuli, Tabora
14 Oktoba 1955

Kwako Bi. Mwanahawa unayejibu barua za watu gazetini,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi salamu ni salamu, nipokee. Mwandiko wangu nisamehe, kusoma nilijifunza kwenye mafundisho ya ubatizo tu, kuandika nikajiongezea mwenyewe, na barua hii sikutaka kumwandikisha mtu kwa sababu ina aibu yangu ndani yake, nakuomba unisaidie upesi kabla mvua hazijaanza, kwa nini nasema mvua utaona huko mbele.

Mimi ni mjane, nina mtoto mmoja wa kiume, Mahona, wengine wanne niliwazika. Huyu Mahona ujana wake ulikuwa karata. Alicheza kamari na wachukuzi wa stesheni, siku moja alirudi nyumbani hana shati, na koti la marehemu baba yake lilikwenda hivyo hivyo, na baiskeli, basi alipotaka kumwoa Koleta, binti wa watu wa Nzega, wazazi wa binti wakasema sisi hatumpi mtoto wetu mcheza kamari, ndipo Mahona akapiga magoti kanisani mbele ya msimamizi wake wa ubatizo na mbele ya baba mkwe, akaapa hatashika kamari maisha yake yote. Bi. Mwanahawa, kiapo alikishika. Miaka minne. Akiona watu wameinamia karata anavuka upande wa pili wa njia, nimemwona kwa macho yangu. Akawa anakwenda Ipole kwenye mizinga ya nyuki aliyoachiwa na baba yake, mizinga arobaini, anarina asali, anauza nta, analeta unga na sabuni, mke ananenepa, nami nikasema sasa naweza kufa.

Mwaka jana mjukuu wangu Benedikta aliugua mapafu, tukampeleka zahanati, tukakuta watoto watatu godoro moja na wengine barazani kwenye mikeka ya nyumbani kwao, na baridi ya Julai unaijua, asubuhi moja mama aliyekuwa jirani yangu pale barazani akamfunga mtoto wake kwenye khanga, akamfunga mpaka uso, hakulia, akaniambia tu, "Dada, nishikie hiki kikombe." Kikombe ninacho mpaka leo, hakurudi kukichukua. Benedikta wetu alipona.

Basi walipokuja watu wa Kamati ya Wodi ya Watoto wakasema wodi itajengwa kwa bahati nasibu, tikiti moja thumni, kila mwezi mchezo mmoja, mtu anashinda baiskeli au cherehani na vitu vidogo vidogo, na faida yote inakwenda kwenye matofali na bati, wakauliza nani atauza, mimi niliinua mkono kabla hawajamaliza kusema. Niliuza kama mwenda wazimu, kisimani, sokoni, mtaa wa Chemchem nyumba kwa nyumba, mwanamume akisema sina namwuliza, "Na mwanao akiugua utakuwa nazo?" ananunua huku ananinunia. Nyuma ya kila tikiti niliweka alama yangu, msalaba na nukta mbili, kwa sababu Karani Sylvester wa Kamati alitaka ijulikane nani kauza nini, na mwanamke atakayewapita wenzake atapewa doti ya khanga na jina lake litasomwa mbele ya watu.

Sasa dhambi yangu ndiyo hii. Mchezo wa kwanza, siku ya mwisho, jua linashuka, zimebaki tikiti tatu kitabuni, nikaona haya kurudisha kitabu kina tatu. Mahona amekaa nje anasuka kamba ya kupandishia mizinga. Nikamwambia, "Baba, mnunulie mwanao hizi."

Akacheka. "Mayu, mama yangu, mimi niliapa."

"Uliapa kamari. Hii si kamari, ni dawa ya watoto."

"Si kuna wanaoshinda na wanaoshindwa?"

"Anayeshindwa ametoa sadaka. Au umeshasahau Benedikta alilala barazani?"

Akasuka kamba kidogo, kisha akasema, "Wewe ndiye mama. Ukisema si kamari basi si kamari." Akanunua zote tatu.

Na Mungu, sijui kama ni Mungu, moja ya zile tatu ikashinda. Haikushinda baiskeli. Ilishinda birika la chai, jeupe, lina ua jekundu ubavuni. Kiwanja cha mpira kilijaa watu, mmoja akapiga kelele, "Mahona, birika umepata, majani je?" Mwingine akadakia, "Majani mchezo ujao! Sukari mwezi wa tatu!" "Na ng'ombe wa maziwa Krismasi!" Watu walikufa kwa kicheko, mimi nikapiga vigelegele. Mahona hakucheka. Alilishika lile birika kwa mikono miwili, na uso wake niliujua, ni uso ule wa zamani wa stesheni, niliuona na nikaendelea kupiga vigelegele.

Kwangu hakununua tena hata moja, nikajisifu moyoni kwamba ameridhika na birika lake. Tikiti zangu nazo zikawa zinakwisha upesi, jirani yangu Imakulata kila wiki anakuja, "Nipe vitabu viwili, watu wa reli wananisubiri," nampa, analeta fedha kamili, mpaka mwezi wa nane nikawapita wanawake wote na Karani Sylvester akanivika khanga mabegani watu wanatazama.

Wiki ile ile Koleta alifunga mizigo. Akaja kuniaga na mtoto mgongoni, akatoa kifurushi cha gazeti kuukuu akakimwaga mkekani kwangu. Tikiti, Bi. Mwanahawa, tikiti kama maganda ya karanga. Akasema, "Shikamoo mama. Hii hapa ndiyo asali ya mwaka mzima, na hii ndiyo mizinga ishirini ya marehemu baba mkwe. Zigeuze uone." Nikageuza moja, msalaba na nukta mbili. Nikageuza nyingine. Niligeuza mpaka vidole vikachoka. Koleta akasema, "Sikuja kukugombeza. Khanga imekupendeza." Akaenda zake Nzega kwa wazazi wake. Nikamkimbilia Imakulata, naye akanishangaa, "Mimi nilidhani unajua! Mahona alisema unaona haya kumwuzia mwenyewe."

Mahona nikimsema ananijibu polepole kama mtu anayemfundisha mtoto, "Mimi sichezi, mayu. Mimi najenga wodi. Nani aliniambia?" Jumapili anakwenda penye jengo, anaweka kiganja ukutani, anasema ukuta huu ni asali yangu. Na hilo ndilo linaloniua, kwa sababu ni kweli, ukuta upo, nimeugusa.

Sasa kuta zimefika juu na bati hakuna. Mchezo mkubwa ni wiki tatu zijazo. Karani Sylvester ameniletea vitabu sita, nikamwambia nimechoka, akasema, "Mama, ukijitoa wewe na wengine watajitoa, na yale ni matofali mabichi, mvua ya kwanza itayarudisha udongo. Wewe ulilala barazani pale, nani atauza kama si wewe?" Vitabu viko chini ya kitanda changu. Mahona anavijua. Amepata mtu wa kununua mizinga ishirini iliyobaki, Lugembe wa huko huko Ipole, anasema safari hii zawadi ni nyingi, akipata baiskeli na cherehani Koleta atarudi. Nisipomuuzia mimi atanunua kwa mwingine. Nikirudisha vitabu watoto wa watu watalala barazani, na kile kikombe nakiona kila siku. Na la mwisho nakwambia wewe tu, moyoni nasali ashinde. Nasali rozari nzima kwa ajili ya tikiti. Nifanyeje?

Jina langu usiliandike.

Mama wa Ipuli

JIBU

Mama wa Ipuli, marahaba, ingawa nadhani mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia. Jina lako sikuliandika, na ya wengine nimeyageuza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilikasirika, na nakujibu hasira ikiwa bado ipo, kwa sababu mvua haitanisubiri nipoe.

Umezika watoto wanne. Umeshikishwa kikombe na mwanamke ambaye hakurudi. Akaja mtu na kitabu cha tikiti akakwambia uchungu wako utageuka ukuta. Nani asingeinua mkono? Kwa hilo sikulaumu, wala zile tikiti tatu za mwisho sikulaumu sana. Lilikuwa kosa la mtu aliyechoka. Lakini umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba uso wa mwanao uliuona na ukaendelea kupiga vigelegele. Hapo ndipo nilipoiweka barua chini, dada yangu. Na huyo Imakulata, ana watu wa reli wangapi hata wamalize vitabu viwili kila wiki? Hukumwuliza kwa sababu uliitaka khanga.

Na hao wa Kamati niwape lao. Karani anakutisha na mvua kana kwamba ni wewe uliyepandisha matofali mabichi kabla bati halijaonekana. Kodi ya kichwa Mahona anailipa kila mwaka, na hakuna anayemchezeshea bahati nasibu ili ailipe. Anatakiwa tu alipe, basi. Ikifika zamu ya mtoto kupata kitanda, ndipo tunaambiwa tujaribu bahati yetu. Wenye mishahara mikubwa hapo mjini walinunua tikiti moja moja wakicheka, wakaenda zao kunywa chai. Anayeijenga wodi ni yule mmoja asiyeweza kuacha. Kamati inaweza kujua hivyo, maana vitabu vya kila muuzaji vinahesabiwa, ila hakuna anayeuliza mnunuzi ni nani. Mhariri akiukata mstari huu, mimi najua niliuandika.

Unasema usipomuuzia wewe atanunua kwa mwingine. Anunue! Kwa mwingine atanunua tikiti. Kwako wewe ananunua ruhusa.

Sasa sikiliza, wala usiniambie ni vigumu. Nenda Ipole wiki hii hii, kabla ya jambo lolote, ukiwa na ndugu wa marehemu mume wako. Mizinga ya urithi si ya kupeana mkono kichakani. Mwambieni Lugembe mbele ya watu kwamba akiinunua ile ishirini anainunua kwa ukoo mzima, na ukoo haujauza. Atakasirika. Mwacheni akasirike.

Jumapili baada ya Misa rudisha vitabu vyote sita, hata tikiti moja isichanwe. Wauzaji wenzako wawepo wasikie. Usiseme umechoka, usiseme mgongo unauma. Sema mwanangu nimemrudisha kwenye kamari kwa mkono huu. Utaona wangapi watainamisha vichwa, maana nadhani si wewe peke yako mwenye Mahona nyumbani. Kuta zinaogopa mvua? Nyasi za kuezekea zipo na wanawake wa Ipuli mnajua kushika mundu. Zifunikeni. Kisha pita nyumba zile zile ulizopita, uombe thumni bila tikiti. Utashtuka kwa uchache wa watakaokupa, lakini hao watakuwa wametoa kweli. Na zile nyumba zenye bustani na mbwa mlangoni, ambazo najua hukuzigusa, waachie Kamati wakabishe hodi wao.

Koleta mfuate Nzega. Usimwombe arudi, huna haki hiyo. Ile khanga iache nyumbani. Mwambie baba yake, "Kiapo cha mwanangu nilikivunja mimi," kunywa maji watakayokupa, mbusu mjukuu wako, panda gari urudi.

Na Mahona. Mkalishe asubuhi, hajala wala hajatoka, umwambie maneno haya: "Nilikwambia si kamari. Ilikuwa kamari. Nilikudanganya." Ukishayasema nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe." Sikuahidi kwamba ataacha. Huenda asiache. Ila siku atakapochana tikiti nyingine itabidi ajiruhusu kwa mdomo wake mwenyewe, wako hatakuwa nao tena.

Hiyo rozari ya tikiti iache leo. Birika tu lilimlia asali ya mwaka mzima. Akipata baiskeli hutamwona tena.

Wodi itafunguliwa siku moja, na watoto watalala vitandani, nami nitafurahi kama wewe. Siku hiyo watasoma majina. La Mahona halitakuwamo, wala mizinga ya baba yake haitatajwa. Lako litakuwamo, nao watakuita usimame wakupigie makofi. Baki umekaa. Na kama mwanao amekuja, mshike mkono, mbaki mmekaa wote wawili.

Bi. Mwanahawa