Chokaa kwenye Miti ya Maguu

Mbamba Bay, 3 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Baridi ya huko imepungua? Mimi mzima, nimechoka tu. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nampa barua hii Isidori wa lori la kahawa, pamoja na usipa wako, dagaa wa ziwa letu.

Wakaguzi wa mradi wa hewa ukaa wanakuja Maguu tarehe ishirini, nami nitakuwa nao. Waeleze tena wanakikundi wa miti: huko ng'ambo viwanda vimewekewa kikomo cha moshi, na kinachozidisha hulipa watu wanaotunza miti. Wakaguzi watasoma namba za rangi tulizoandika shinani. Zikisomeka, fedha zitatoka na bomba la maji litapanda mpaka kwenu. Tafadhali wapokeeni vizuri, ni wageni wakubwa.

Mwanao,
Hamphrey

Maguu, 13 Agosti 2024

Mwanangu Hamphrey,

Marahaba. Wewe na huo uchovu wako, unakula kweli? Magoti yangu ni yale yale, yanashuka mtoni na kupanda na ndoo. Usipa umefika, ila Isidori kajikatia fungu lake njiani. Namjua.

Uliniomba shamba langu la ngoro nipande miti, nikakupa kwa ajili ya hilo bomba. Huu ni msimu wa nne sijachimba ngoro, hata shimo moja, wala kupanda maharage. Juzi nimenunua maharage sokoni, mimi Gertrude! Mariana aliyekuwa anauza alicheka mpaka akakaa chini. Nimechoka, baba. Bomba lije nipumzike.

Wageni wasikutie wasiwasi. Tumefyeka njia, na mwenyekiti wa kikundi, Bernadi, anasema tutawapokea kama tulivyompokea Askofu.

Mama yako

Mbamba Bay, 26 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Mimi usingizi sipati. Nisamehe kwa kuondoka na wageni bila kukuaga, nilishindwa kukutazama usoni.

Chokaa, mama! Miti yote imepakwa nyeupe kutoka shinani mpaka kiunoni, kama mawe ya uwanja wa shule siku ya mgeni rasmi, na namba zote ziko chini yake. Mkaguzi mkuu aliniuliza ni ugonjwa gani huo. Nikamwambia kwetu ni heshima. Hakucheka. Wametupa muda mpaka mwisho wa Septemba. Isugueni taratibu kwa kitambaa.

Mwanao,
Hamphrey

Maguu, 11 Septemba 2024

Hamphrey,

Marahaba. Wazima tupo, mikono ndiyo imechubuka.

Chokaa haitoki. Bernadi aliichanganya na chumvi ili ishike, na imeshika kweli. Tukisugua kwa nguvu ganda la mti linabanduka na namba yake. Tumeacha. Sasa kila mtu anamkasirikia Bernadi, na wengine wananikasirikia mimi kwa sababu mradi uliletwa na mwanangu. Ulisema tuwapokee vizuri. Hukusema tusipake chokaa. Na wewe umekulia hapa hapa, unajua wageni tunawapokeaje.

Waombe watungojee kidogo.

Mama yako

Mbamba Bay, 21 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Natumaini magoti yanakuruhusu kulala.

Niliomba, nikaomba tena. Wamefunga faili letu. Fedha zimeenda kwenye kikundi cha mkoa mwingine, na sisi tunaweza kuomba upya baada ya miaka mitatu. Kila nikifungua bomba hapa ninapopanga, naona aibu.

Mwanao,
Hamphrey

Maguu, 8 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako mpaka nikaizoea. Usione aibu kunawa uso.

Mvua imeanza. Imenyesha wiki nzima, na chokaa yote imechuruzika mpaka bondeni. Jana nilipanda shambani na fimbo yangu. Namba zinasomeka, Hamphrey. Hata kwa macho yangu haya. Nilisoma mstari mmoja mpaka mwisho, nikakaa chini nikalia, kisha nikashuka mtoni kwa sababu nyumbani hapakuwa na maji.

Miaka mitatu siiwezi. Miti ya juu nitaiacha, ya chini nitaing'oa. Mwezi wa tatu nyasi zitakuwa ndefu, ndio wakati wa ngoro. Unajua kazi yake: mwanaume anakata nyasi na kuzilaza, mwanamke anazifukia kwa udongo wa mashimo. Baba yako hayupo wa kuzilaza.

Omba likizo, uje ulaze nyasi. Nitafukia mimi.

Mama yako