Kiti Kilichoshusha Bei ya Gari

Baba yangu,

Mfaransa amepakwa rangi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujauliza kama tumekula. Ni rangi yake ya kiwandani, ya chai yenye maziwa mengi, si ile ya kijani uliyompaka kwa brashi mwaka ule kijani kilipokuwa rahisi dukani. Nilimkwangua mpaka bati, nikampiga msasa kwa mkono majuma matatu. Ungemzunguka mara mbili, ungekosa kasoro, kisha ungesema tu kwamba vumbi la Nakuru bado halijamwona.

Wengine watakaosoma barua hii hawakukujua, kwa hivyo nivumilie niwaeleze. Ulikuwa fundi wa magari, na mimi, binti yako wa pili, ndiye niliyerithi kazi yako. Siku hizi narudisha magari ya zamani katika hali yake ya kwanza. Mfaransa ni jina ulilolipa gari lako, kwa kuwa liliundwa Ufaransa. Ulilinunua kwa meneja wa shamba kule Njoro alipokuwa anarudi kwao, likiwa limelala kwenye banda la ng'ombe, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Ulilivuta kwa trekta mpaka nyumbani Kaptembwo. Mama alikuuliza kama umenunua gari au umenunua kuku.

Halafu Mama akaanguka, na nyonga yake ikakataa kupona sawasawa. Kuingia garini kukawa mateso; alikuwa akiuma kitambaa ili tusisikie. Siku mbili ulizunguka ukiupima mlango wa gari kwa macho. Siku ya tatu uling'oa kiti cha mbele cha abiria, ukatafuta bearingi ya gurudumu la trela, ukaichomelea kwenye fremu ya chuma, na juu yake ukafunga kiti kingine kilichoinuka kidogo. Ukikisukuma, kiti kiligeuka chote kikatazama nje ya mlango. Mama aliketi kama anavyoketi jikoni, nawe ukamgeuza polepole, ukaingiza mguu mmoja, kisha wa pili, ukafunga mlango.

Nakumbuka siku tuliyokwenda Karagita kumwona dada, anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua. Kabla hatujafika uliegesha mahali ziwa linapoonekana, ukamgeuza Mama atazame maji, ukamnunulia mahindi ya kuchoma. Alikula mawili. Akasema sasa yeye ni bibi ya DC, asisumbuliwe. Ulicheka mpaka ukakohoa, na mimi nilikaa nyuma nikifikiri kwamba siku zote zitakuwa hivyo.

Lakini mimi nilikuwa nimeanza kujua mambo. Katika kazi yetu kila mwenye gari hudhani anaongeza: huyu ataweka rimu pana, yule redio mpya, mwingine atashona viti vya ngozi. Mnunuzi wa magari ya zamani huyahesabu yote hayo kama hasara. Anachotaka ni gari lile lile lililotoka kiwandani, na kila fundi hodari aliyeligusa baadaye amempunguzia kitu. Ni kweli, sikatai hata leo. Shida ni kwamba nililijua jambo hilo nikalifanya fimbo.

Mimi ndiye niliyemleta yule daktari mstaafu wa Milimani anayekusanya magari ya zamani, aje akupe bei. Alisikiliza injini akatabasamu. Akagonga bodi, akasema hiyo rangi ya kijani inatoka. Kisha akafungua mlango wa abiria, akakiona kiti.

"Hii gari mmeichezea," akasema. "Ingekuwa orijino ningewapea mara mbili."

Alipoondoka nilikugeukia pale pale nje ya nyumba. Nilisema kwa sauti: "Baba, umeharibu gari mzima juu ya kiti moja."

Ulipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu. Ukasema, "Basi enda umwambie mama yako hiyo bei. Akikubali, natoa hicho kiti leo."

Sikwenda. Hakukuwa na haja, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na Mama alikuwa nyuma yake akichambua maharagwe. Jumapili iliyofuata alisema ataomba nyumbani. Na iliyofuata hivyo hivyo. Wewe ulikigeuza kiti ukasimama na mlango wazi, umevaa koti lako la kanisa, mpaka tukasikia kanisani wameanza kuimba. Jumapili ya tatu uliufunga mlango ukaingia ndani. Nilijua sababu, nikanyamaza. Ukiwa hai Mama hakukikalia tena kiti kile; alikikalia siku tulipokusindikiza makaburini, nikiendesha mimi. Baba, nisamehe. Nilipaswa kuyasema haya ukiwa bado unaweza kunijibu.

Baada ya mazishi nikaamua kumrudisha Mfaransa katika hali yake ya kwanza, kisha nimuuze. Nilijiambia ni kwa ajili ya Mama. Ukweli ni kwamba nilitaka yule daktari arudi aone. Nilipoingia stoo kutafuta spea, nilikuta gunia limening'inizwa darini, mbali na panya. Ndani yake mlikuwa na kiti cha kiwandani, umekizungushia nailoni, reli zake umezipaka grisi, na boliti zake zote zikiwa kwenye mkebe. Nikaenda kuchungulia sakafu ya gari. Hukuwa umetoboa tundu hata moja. Fremu yako uliifunga kwenye matundu yale yale ya kiwanda, na kiti chako kingeweza kutoka kwa spana moja. Mimi niliyekuambia umeharibu gari nilirudi stoo, nikaketi sakafuni nikalia.

Ungedhani nimejifunza. Nilifuta machozi, nikamimina boliti, nikafunga kiti cha kiwandani.

Daktari alikuja, akapitisha kiganja juu ya boneti, akafungua mlango wa abiria na kuufunga mara tatu kwa raha tu. Akasema bei yake ni ile aliyosema, mara mbili, na kwamba Jumatatu analichukua. Jumapili asubuhi Mama akatoka nje amefunga kitambaa cha kanisa. Alisema angependa nimpeleke mara moja kabla gari halijaenda. Nilimshika mkono. Kiti kilikuwa chini mno. Alijaribu kuingiza mguu ukabaki nje, akajaribu tena akishika paa, na jasho likamtoka usoni.

"Wacha tu," akasema. "Nisije nikaharibu rangi yako."

Alinipigapiga mkono, kana kwamba mimi ndiye niliyeumia, akarudi ndani.

Siku hiyo hiyo nilikitoa kiti cha kiwandani nikakirudisha chako. Nilipokuwa narudisha boliti kwenye mkebe niliona karatasi imeganda kwa grisi ndani, kwenye kitako cha mkebe. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli yako, kwa herufi kubwa: RUDISHA VYOTE SIKU MAMA YENU HATAKIHITAJI TENA. Sijui uliiandika kabla ya maneno yangu au baada. Najua tu kwamba bei uliifahamu kuliko mimi na daktari wangu. Na najua ulitegemea yeye atangulie, nawe ubaki kumtunza mpaka mwisho.

Nilimpigia daktari nikamwambia gari si orijino tena. Akaniambia kwa upole kwamba basi atalipa nusu. Nikamjibu haliuzwi hata kwa nusu. Alidhani natafuta mnunuzi mwingine, akaniomba nimpigie simu siku bei ya gari itakaporudi.

Mama amekwenda kanisani Jumapili mbili sasa. Anasema nageuza kiti kwa haraka kama mtu anayefukuzwa, na kwamba wewe ulikuwa na mkono wa taratibu. Najifunza, Baba. Na kwa kuwa sasa najua ni siku gani bei hiyo itarudi, kila jioni namwomba Mungu gari lako likae bila thamani miaka mingi sana.

Pumzika salama. Ni mimi,
binti yako wa pili