Gaspard Alivyoanguka Vizuri

Oostveld, Ubelgiji,
6 Agosti 1957.

Mpendwa mjukuu wangu Odiel,

Hujambo, mume wangu? Tumbaku ya huko Kanada imestawi? Unakula ukashiba, au unalidanganya tumbo kwa kahawa? Sisi wazima. Goti linaniuma, lakini halijanizuia kusema. Anayeandika ni mama yako. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba.

Kaka yako Gaspard amepata kazi ya mwakani. Nakuambia mapema, usije ukaogopa kama nilivyoogopa mimi.

Unazijua mbio zetu za baiskeli za Agosti, zile kubwa za Ufaransa zikiisha. Watu wanalipa kiingilio wamwone bingwa akishinda, basi waendeshaji hukubaliana kabla, nyuma ya baa. Safari hii bingwa Stroobant awe wa kwanza, Gaspard wa pili, maana ni mtoto wa hapa. Timu ya Gaspard imevunjika, na Stroobant alikuwa anatafuta msaidizi. Kumgeuka hapo ni kujinyima mkate.

Mzunguko wa mwisho, wao wawili mbele, wengine wamejibakiza nyuma kwa makusudi, cheni ya Stroobant ikachomoka. Gaspard akabaki peke yake. Akishinda, kazi imekwenda. Akisimama kungoja, waliolipa watajua wamechezewa. Na jirani yetu Kamiel anambwekea, "Kanyaga, we mvivu. Unamngoja mkweo?"

Kwenye kona ya kanisa, hapo niliposimama, akajitosa na baiskeli yake kwenye marobota ya majani makavu, kichwa mbele. Odiel, nilidhani amekufa. Nilipiga watu viwiko mpaka nikamfikia. Nikamwinamia, akafumbua jicho moja, akaninong'oneza, "Sijaumia, Bibi. Lia kidogo."

Nikalia. Wala sikuigiza, machozi yalikuwa njiani. Hata Kamiel alivua kofia. Stroobant akarudisha cheni, akapita akashinda, Gaspard akajikongoja akawa wa pili, na makofi aliyopigiwa yeye, hata bingwa hakuyapata.

Jana jioni Stroobant akaja jikoni kumpa mkono. "Mwakani uko na mimi," akamwambia. Nikampakulia sungura wa kupikwa kwa bia, nikamwambia, "Kula, baba. Ila ukiangusha cheni tena, utajililia mwenyewe." Alicheka mpaka akapaliwa.

Gaspard bado amelala. Namchungulia, anapumua, narudi kumenya viazi.

Nisalimie mkeo Elza, na umbusu mtoto mashavu yote mawili. Mama yako anakusalimu, ingawa mkono umemchoka. Mungu akukinge na baridi ya huko, akupe majirani wenye moto jikoni.

Wako akupendaye hata usipoandika,
Bibi Farailde